Kapiteni Chini ya Gauni

Feruzi Amisi alikuwa fundi wa fremu katika komini Albert, mtaa wa Waafrika mjini Elisabethville, mji ambao wenyeji waliuita Lubumbashi miaka mingi kabla serikali haijakumbuka kufanya hivyo. Baba yake alitoka Kasongo, kule Maniema, na mali mbili tu: msahafu na msumeno. Msahafu ulikwenda kwa mtoto mkubwa, msumeno ukamwangukia Feruzi. Akafanya kazi nao vizuri. Alitengeneza fremu za picha za arusi, za komunyo ya kwanza, za marehemu, na Katanga ilipojitenga na Kongo akatengeneza nyingine nyingi za kuning'iniza picha ya rais katika maofisi. Kisha Wazungu wakaanza kufunga masanduku, na mtu anayefunga sanduku hakumbuki fremu.

Feruzi alikuwa na kasoro moja. Hakuweza kuona picha akanyamaza. Mteja alikuja kuchukua picha ya babu yake, akakuta Feruzi amekwisha kumpa yule babu tabia, ugonjwa wa magoti na mke wa pili. Rabia, mkewe, alikuwa amemzoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye jogoo.

Mwanzoni mwa Septemba 1961, Madame Hendrika, mke wa injinia mmoja Mholanzi, alisimamisha gari mbele ya duka. Godoro lilifungwa kwa kamba juu ya paa, na ndani mbwa alikuwa amekalia pasi ya umeme. Walikuwa wanakwenda Rhodesia. Madame akaingia na kifurushi bapa, akakifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na picha za kuchapwa, nyeusi kwa nyeupe, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai.

"Hii ya babu ya mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Gari hapana iko nafasi. Wewe weka."

"Hawa bantu ni banani, Madame?" aliuliza Feruzi, kwa Kiswahili cha mji ule, ambacho watu wake ni bantu.

"Théâtre. Kwetu Hollande, zamani sana. Bantu banacheza, bengine banacheka."

Akaendelea kwa Kifaransa. Zamani, alisema, picha kama hizo ziliuzwa sokoni kwao, karatasi moja moja, kwa waliouona mchezo wakaupenda na kwa waliokosa nafasi ya kuingia. Mafundi viatu na wauza samaki walizibandika kwenye kuta za nyumba zao. "Usizifiche," akasema. "Hazikutengenezwa za kufichwa." Mumewe akapiga honi, mbwa akabweka, Madame akaondoka akifuta macho, na Feruzi hakujua kama alililia picha, nyumba au moshi wa gari.

Siku chache baadaye vita vikazuka mjini, askari wa Katanga kwa askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa. Watu wa Albert walilala chini ya vitanda na kupika mchana kwa haraka. Vilipotulia, Feruzi alifungua duka akakuta kioo cha mbele kizima, jambo la ajabu, na kazi hakuna. Basi akazitia fremu zile picha za Madame, akazipanga nyuma ya kioo.

Kila picha ilionyesha jukwaa, na mapazia pembeni. Katika moja, mzee mwenye wigi alikuwa amepiga magoti mbele ya mtumishi wa jikoni, akidhani ni bibi mwenye nyumba. Katika nyingine daktari alikuwa anachungulia mkojo ndani ya chupa, na mgonjwa wake nyuma anamwibia kuku. Mwanamke alimkimbiza mumewe na kiatu, majirani wamejaa dirishani. Na katika ya mwisho kulikuwa na bibi mmoja mwenye gauni pana kama hema, amesimama ameshika kiuno. Askari wanachungulia mlangoni, kofia ya manyoya iko sakafuni, na kutoka chini ya pindo la gauni umetokeza mguu mmoja wenye kiatu kirefu cha kijeshi, na ncha ya upanga. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno ya Kiholanzi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma.

Kutoweza kusoma hakukumsumbua Feruzi. Jioni ya kwanza walisimama watu wachache, kesho yake wakajaa hadi barabarani. Aliwaeleza habari za Mzee Bahili, Docteur Chupa, Mama Kiatu, na yule wa chini ya gauni akamwita Kapiteni Tumbo.

"Huyu kapiteni," alisema, "asubuhi alikunywa supu, akaambia muji mzima: leo mutaniona. Saa ya vita inafika, muji unamutafuta, hauone hata kivuli. Angalieni kofia. Kofia njo ilibaki kupigana."

Watu walicheka. Walikuwa hawajacheka muda mrefu, kwa hiyo walicheka kupita kiasi, wakishikana mabega.

Rabia hakupendezwa. "Baba," alimwambia, "hapa ba-sergent banapita kila siku. Bantu bakicheka pamoja, askari anauliza banamucheka nani."

"Ni Baholanzi, Rabia."

"Askari anajua Baholanzi?"

Miongoni mwa waliokuja alikuwa Kapinga, mshonaji wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Alikuwa Muluba wa Kasai, mjane wa makamo, na katika majuma yale watu wa Kasai walikuwa wakihama nyumba zao usiku na mchana kukimbilia kambi iliyolindwa na ONU, maana mjini walionekana maadui wa Katanga. Mama yake Kapinga alikuwa huko tayari. Yeye alibaki kwa sababu ya gauni la arusi la Honorine, binti wa jirani. Alisema hawezi kuacha bibi arusi na mkono mmoja.

Kapinga alitazama Mzee Bahili, akatabasamu. Alipofika kwa Kapiteni Tumbo akainama karibu na kioo, kisha akaketi pale pale kwenye ngazi ya duka na kucheka hadi pini zikamdondoka kwenye kifua cha blauzi. Rabia alimuuliza kuna nini. Kapinga alitikisa kichwa, akafuta machozi, akarudi kwake kushona.

Aliyefuata kicheko hicho alikuwa Sergent Mulenga. Alikuwa mtu mwenye kifua kipana na masharubu yaliyochanwa, na viatu vyake vilimeta kiasi cha kuonyesha mawingu. Kabla ya vita alikuwa na desturi ya kupita barabara ile akigonga milango ya watu wa Kasai kwa fimbo na kuwauliza wanahama lini. Watu walimpisha. Akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akazikagua picha kama anakagua gwaride. Kwa Docteur Chupa alicheka kidogo puani. Alipofika kwenye ya mwisho, masharubu yakasimama.

"Nani alichora hii?"

"Jina yake siijui, sergent," alisema Feruzi. "Ni Muholanzi wa zamani. Alisha kufa, pengine inafika miaka mia mbili."

"Alikufa?"

"Kabisa."

Sergent Mulenga akainama tena, akakitazama kile kiatu kilichotokeza chini ya pindo. Alipoinuka, alikuwa anatoka jasho.

"Sasa alijua namna gani?"

Feruzi, ambaye kweli hakuwa na habari, akamuuliza kwa adabu, "Alijua nini, sergent?"

Hapo Mulenga akatambua alichosema. Wakati huohuo mama mmoja aliyebeba beseni la samaki aliangalia picha, akaangalia viatu vya sergent, akaangalia nyumba ya Kapinga ng'ambo ya barabara, na beseni likaanza kutetemeka kichwani mwake kwa kicheko.

Ukweli ulikuwa hivi. Siku ya pili ya vita, Mulenga aliingia nyumbani kwa Kapinga kumwamuru atoke. Hata hakumaliza sentensi. Gari la chuma la ONU likakunja kona likaingia barabarani, likipiga risasi hewani, na Mulenga akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona gauni la Honorine limevalishwa sanamu ya mbao katikati ya chumba, tabaka juu ya tabaka za tyulu, kile kitambaa chepesi cha shela. Akazama ndani yake. Askari wawili wa ONU wakachungulia mlangoni. Kapinga, pini midomoni, hakuacha kushona pindo. Alipita na sindano kando ya kiatu kama vile viatu humea ndani ya magauni. Askari wakasema pardon, wakaenda. Mulenga alipotoka alimwapisha Kapinga kwa jina la mama yake mzazi kwamba hatamwambia mtu yeyote alichokifanya yeye, Mulenga. Kapinga akaapa, na kiapo akakitunza. Ni Mulenga mwenyewe aliyekuwa amekivunja sasa, mbele ya kioo cha Feruzi, mchana kweupe.

"Unatukana uniforme," alimwambia Feruzi. "Beba picha. Twende."

Katika kituo cha askari Feruzi aliingizwa katika chumba cha nyuma. Huko alikaa Mzungu mmoja ambaye, kwa mujibu wa makaratasi, hakuwako. ONU ilimfukuza kwa ndege pamoja na maofisa wengine wa kigeni wa jeshi la Katanga, naye akarudi kupitia Rhodesia, amevaa kaptula, akisema yeye ni mtaalamu wa kilimo. Ili kuthibitisha hayo alikuwa amepanda kijiti cha muhogo ndani ya kopo la maziwa, juu ya meza. Askari wote walimwita Monsieur Agronome, na wote walimpigia saluti.

"Nini tena?" aliuliza Monsieur Agronome.

"Huyu ameonyesha picha ya kudharau jeshi, mon commandant."

"Mimi si commandant."

"Monsieur Agronome."

Mzungu akaichukua picha. Alikuwa Mflamand, Mbelgiji wa kaskazini, na maneno yale ya Kiholanzi yalikuwa lugha ya mama yake. Alisoma mstari wa kwanza akiwa amekunja uso. Aliposoma wa pili aliweka picha chini, akavua miwani, akaanza kucheka kwa sauti nyembamba ambayo haikulingana na mwili wake. Feruzi alishindwa kuvumilia.

"Samahani, Monsieur. Iko nasema nini?"

Monsieur Agronome akamfasiria: Huyu ndiye kapiteni aliyetisha mji kwa upanga; sasa yumo chini ya gauni, na upanga unaonekana.

Feruzi alisikitika kidogo. Habari yake ya supu ilikuwa nzuri zaidi.

"Sergent," alisema Mzungu, "mtu huyu alichorwa kabla babu yangu hajazaliwa. Wewe inakuhusu nini?"

Mulenga akisema haimhusu, basi amemleta Feruzi bure. Akisema inamhusu, ataulizwa kwa nini. Alisimama wima akitazama kijiti cha muhogo, kana kwamba kingejibu badala yake.

Kule Albert, Rabia alikuwa amevuka barabara mbio. "Mama Kapinga," alisema, "banamupeleka bwana yangu juu ya ile kapiteni ya mu robe." Kapinga aliuliza jambo moja tu: sergent yupi. Alipoambiwa, akaweka mkasi chini, akavaa kitambaa kichwani, na wakatoka pamoja, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni mwake. Njia ya kwenda kituoni haikuwa njia ambayo mtu wa Kasai angeichagua siku zile. Rabia alisema baadaye kwamba Kapinga alimshika mkono njia nzima, na mkono ulikuwa baridi, lakini hakupunguza mwendo.

Waliingizwa. Kapinga alimsalimu Mzungu, akamsalimu sergent, akaitazama picha mezani, akaelewa.

"Monsieur," alisema, "hii maneno iko ya mimi. Sergent anasikia haya kwa kuieleza, njo maana anakasirika. Ile siku ya vita alikuwa kwangu."

Mulenga akafumba macho.

"Alikuwa ananisaidia," akaendelea Kapinga. "Niko na robe ya arusi, bibi arusi haweze kufika kwa sababu ya masasi. Nilikosa muntu wa kupimisha. Sergent akapita. Nikamuomba: baba, vaa kidogo, nione mabega. Akavaa. Ni muntu wa roho muzuri."

Feruzi alitazama dari. Mulenga akafumbua macho polepole, kama mtu aliyevutwa kutoka shimoni kwa kamba na kukuta kamba yenyewe ni nyoka.

"Ni kweli, sergent?" aliuliza Monsieur Agronome. "Siku ya vita ulikuwa unavaa gauni la bibi arusi?"

Mulenga alipima mambo mawili, woga na gauni, na kila mmoja chumbani aliona akiyapima.

"Nilikuwa nalijaribu, mon commandant."

"Mimi si commandant. Na nani alikuwa anapigana?"

"Bengine, Monsieur Agronome."

"Kwa nini wewe?"

"Bibi arusi," alisema Mulenga, jasho likimtiririka, "eko na mabega kama yangu."

Mzungu alilazimika kugeukia ukutani. Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa wa kazi. Alimrudishia Feruzi picha yake na kumruhusu aende. Kisha akamwambia Mulenga kwamba askari kusaidia raia ni jambo la kusifiwa, na lililoanzwa lazima limalizwe: kila alasiri, hadi gauni liishe, aende kwa yule mama akasimame.

Wakiwa njiani kurudi, Rabia alimuuliza Kapinga vipi kuhusu kiapo chake.

"Aliniapisha nisiseme chenye alifanya," alisema Kapinga. "Chenye hakufanya, hakuniapisha."

Basi Sergent Mulenga akawa anakuja kila alasiri. Mara ya kwanza alifunga dirisha. Kapinga akalifungua, akamwambia hawezi kushona gizani. Alisimama juu ya kiti kidogo katika tyulu nyeupe, masharubu juu, viatu chini, na wapita njia wote wakakumbuka shughuli zilizowapitisha barabara ile. Duka la Feruzi likabaki tupu. Hakuna aliyetaka picha wakati mchezo wenyewe uko ng'ambo.

Mtu aliyesimama juu ya kiti saa nzima bila kuruhusiwa kusogea, mwishowe huzungumza. Mulenga alieleza kwamba alitoka Kasenga, na baba yake alivua samaki huko, na kwamba siku ile ya gari la chuma ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia risasi zisizokuwa za mazoezi.

"Haukunitoa," alisema siku moja. "Ungesema neno moja, ba-ONU bangenichukua."

Kapinga alitoa pini midomoni. "Ungetoka damu juu ya robe ya mutoto wa bantu," alisema. "Geuka."

Aligeuka. Baada ya muda akauliza, akiwa ameuelekea ukuta, "Na wewe unaenda kambini lini?"

Alikuwa ameuliza swali hilohilo mara nyingi kwa fimbo mlangoni. Safari hii Kapinga alimjibu. "Kisha arusi. Lakini pa barrière banazuia bintu. Mashini ya kushona, bataichukua."

Kapinga akaendelea kushona.

Aliyekasirika alikuwa Honorine. Habari ya mabega ilimfikia kisimani, na kufikia alasiri alikuwa mlangoni kwa Kapinga akidai sergent aombe radhi mbele ya wazazi wake. Mulenga aliomba radhi akiwa amevaa gauni, kwa maana lilikuwa na pini na hakuweza kulivua. Mama wa Honorine alilia kwa kicheko, mchumba akaondoka kwenda kuvuta sigara nje. Siku ya arusi, gauni lilipovaliwa na mwenyewe, Kapinga alilizunguka na pini mkononi akitafuta pa kupunguza. Hapakuwa na pa kupunguza. Mabega yalimkaa Honorine sawasawa, na hilo ndilo ambalo hakumsamehe Mulenga kamwe.

Jumatatu iliyofuata Kapinga alifunga vitu vyake kwenye shuka. Alipofungua mlango, alimkuta Mulenga amesimama nje, bila fimbo. Alipita ndani, akainua mashini ya kushona, akaiweka begani. Feruzi na Rabia walibeba mashuka, na wote wanne wakateremka barabara, sergent mbele.

Kwenye kizuizi askari vijana walitoka na bunduki, wakaona ni nani, wakaona alichobeba.

"Sergent, hii mashini ni ya nani?"

"Ya jeshi," alisema Mulenga. "Fungua."

Wakafungua. Mbele kidogo kulikuwa na mstari wa mapipa, na nyuma ya mapipa askari wa ONU, na nyuma yao moshi wa majiko ya kambi. Mulenga alisimama penye mapipa, kwa kuwa asingeweza kupita. Mswidi mmoja, mrefu kama nguzo ya simu, akaja kuipokea mashini. Walitazamana, hawa wawili ambao majuma machache nyuma wangepigana risasi.

"Iko nzito," Mulenga alimwambia. "Shika chini, si ku kono."

Mswidi hakuelewa neno, akashika kwenye mkono wa mashini. Mulenga akamsogeza vidole hadi mahali panapofaa. Kapinga akamwambia "Bakia muzuri, baba," naye akagusa kofia, akarudi mjini peke yake, akitembea upesi.

Rabia alianza kwenda kambini kila Ijumaa na vitumbua ndani ya sufuria. Alirudi safari ya kwanza miguu imejaa vumbi, akaketi, akamwambia mumewe kwamba huko watu wamebanana hata pa kuweka mkeka hakuna, maji ni ya kugombania, na mama yake Kapinga anakohoa. Lakini Kapinga amekwisha kupata kazi. Yule Mswidi mrefu amemletea suruali fupi, anaonyesha kwa mikono, na Kapinga bado hajaelewa kama anataka irefushwe au ikatwe kabisa.

"Wewe ulimwambia nini?" aliuliza Feruzi.

"Nilimwambia aache kwanza. Vita ikirudi, tutajua kama anataka suruali au robe."